Mbweha na Mama Kuku

Mazungumzo ya redio. Somo: Luka 13:31–35

 Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya kuku. Pengine mwingine atacheka na kusema, "Je, wahubiri wamekosa maneno?" Asicheke upesi. Bwana wetu mwenyewe alipoulilia mji wa Yerusalemu hakutafuta mfano wa mbali. Alimtaja mama kuku na vifaranga vyake, naye alijua kwamba kila mtu aliyemsikia amewahi kumwona kuku uani kwake.

Basi, kabla ya kufika kwenye somo letu, twende kwanza nyuma ya nyumba, pale kibanda cha kuku kilipo.

Kuku ni nini kwa mtu wa kijijini? Ukienda Kakamega au Vihiga, mgeni wa heshima hawezi kuachwa aende zake bila kuchinjiwa kuku. Ukienda Kitui au Makueni, ambako mvua yaweza kukosa msimu mzima, mahindi yatakauka shambani lakini kuku ataendelea kuchakura apate riziki yake. Kuku hadai ekari za shamba. Mama mwenye matetea wanne ana mayai ya watoto, ana fedha ya chumvi na sabuni, ana daftari na kalamu. Na mtoto anapoitwa shule ya sekondari, mara nyingi kuku ndio wa kwanza kupelekwa sokoni, kabla mbuzi hajafikiriwa. Tena tunajua desturi za maboma mengi: ng'ombe ni wa baba, lakini kuku ni wa mama na watoto. Kwa hiyo mtu anayeamka asubuhi akakuta kibanda kimevunjwa, hakupotewa na kitoweo tu. Amepotewa na akiba ya yule aliye na akiba ndogo kuliko wote nyumbani.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Tetea hulalia mayai yake siku 21. Muda huo wote hutoka mara chache tu, ale na kunywa upesi, kisha arudi. Tuseme amelalia mayai 12 na vifaranga 10 vimetoka. Jumatatu mwewe akachukua kimoja. Jumatano nguchiro akachukua viwili. Ijumaa mvua ikanyesha, kimoja kikafa kwa baridi. Wiki ya pili paka akala viwili, na mwewe akarudi kwa kimoja. Wamebaki watatu, na mwezi haujaisha. Wafugaji wote wanajua kwamba wiki za kwanza ndizo zinazoua vifaranga wengi zaidi. Mama kuku amefanya kazi yake yote. Anayebaki kuulizwa ni mwenye kuku.

Sasa tuchukue mfano. Tuwaze juu ya mama mjane aliye na kuku tisa. Asubuhi moja anakuta manyoya yametapakaa na kuku watatu hawapo. Jana usiku aliona kijana wa jirani akipita njia ile. Hakuuliza zaidi. Kufikia saa nne neno limefika kisimani, kufikia adhuhuri limefika dukani, na jioni kijana yule ameshakuwa mwizi katika vinywa vya watu wote, hata wale wasiomjua. Mama yake kijana anafunga mlango wake, hataki kutoka.

Ndipo mzee mmoja wa kanisa anapofika kwa yule mjane kumpa pole.

"Pole, mama. Ni wangapi?"

"Watatu, mzee wangu. Na mwizi ninamjua."

"Unamjua, au unamdhania?"

Mjane ananyamaza. Mzee anaomba aonyeshwe kibanda. Anazunguka nyuma yake polepole, anainama, kisha anamwita. Chini ya ukuta pamechimbwa shimo, na udongo mbichi umetupwa nje. Ubao mmoja wa chini umeng'olewa. Na penye udongo laini kuna nyayo zenye vidole vitano na alama za kucha ndefu.

"Mama," anasema mzee, "yule kijana ana kucha kama hizi?"

Ni nyegere, mnyama mwenye nguvu nyingi kuliko umbo lake, ajuaye kuchimba na kung'oa mbao. Mjane anaziba kinywa kwa mkono. Kuku watatu wanaweza kupatikana tena baada ya miezi michache. Lakini je, jina la kijana yule? Mama huyu sasa ana safari ya hatua mia moja tu kwenda kwa jirani yake, nayo ni ndefu kuliko safari ya kwenda mjini kwa miguu. Tena itambidi apite dukani na kisimani, alirudishe lile neno mahali pote lilipofika.

Tumeleta mfano huu kwa sababu magomvi mengi ya vijijini huanza na vitu vidogo namna hii. Kuku akipotea, watu hutafuta mtu wa kumlaumu kabla ya kutazama chini. Kwa hiyo jambo la kwanza tunalotaka kuwaambia ni hili: mjueni adui kabla ya kumtaja.

Kila adui wa kuku ana kazi yake na saa yake. Mwewe huja mchana, kutoka juu. Huchukua kifaranga na kwenda zake, wala haachi alama, isipokuwa kelele za mama kuku na hesabu iliyopungua. Nguchiro naye ni mnyama wa mchana. Hujificha katika majani marefu karibu na uwanja, akatoka kama mshale. Kenge hupenda mayai na vifaranga. Nyoka humeza mzima mzima, hakuna manyoya wala damu. Hao ndio wanaokufanya useme, "Walikuwa kumi, mbona sasa ni tisa?"

Usiku ni zamu ya wengine. Kanu, yule mwembamba mwenye madoa na mkia wa pete, hupanda vizuri na kupita katika tundu usilolidhania. Kicheche huingia chini, na harufu yake mbaya humtangaza. Wanyama kama hawa wakiingia ndani ya kibanda kilichojaa kuku wasioweza kukimbia, huenda wakaua wengi kuliko wanavyoweza kula. Ukiona kuku kadhaa wamelala wafu na shingo zimeumwa, hata hawakuliwa, usimdhanie binadamu. Mwizi wa kibinadamu hawezi kuacha nyama.

Yuko pia mbweha. Hapa Kenya tunaye mbweha wa mgongo mweusi na mbweha wa miraba. Mbweha humchukua kuku mzima na kwenda kumlia mbali, akiacha manyoya njiani, na nyayo zake ni kama za mbwa: vidole vinne na alama za kucha. Nyayo za paka zina vidole vinne pia, lakini kwa kawaida kucha hazionekani, kwa kuwa paka huzikunja anapotembea. Wala msifikiri kwamba taabu hii ni yetu peke yetu. Huko Amerika Kaskazini kuna mnyama wa ukoo huo wa mbweha aitwaye koyote. Ameenea mashambani na hata kuingia katika mji mkubwa kama Chicago, na wafugaji wa huko wenye kuku nyuma ya nyumba hulala wakiwaza kama mjane wetu. Dawa wanayoitumia ni ile ile tutakayoieleza: ukuta imara, msingi usiochimbika, na mlango uliofungwa kabla ya giza.

Basi jambo la pili: jengeni kabla hamjaibiwa. Hatusemi nyumba ya gharama. Kibanda cha miti na udongo, kilichokandikwa vizuri, chatosha. Lakini angalieni mambo haya.

Kibanda kiwe karibu na nyumba ya kulala watu, ili kelele za usiku zisikiwe. Kikiweza kuinuliwa juu ya nguzo, kama meta moja kutoka ardhini, ni vizuri zaidi. Nguzo zikizungushiwa kipande cha bati laini, panya na kanu hawapati mahali pa kushika. Kama kibanda kiko chini, msingi wake ujazwe mawe, au wavu wa chuma ufukiwe kuzunguka ukuta, kina cha futi moja, maana wachimbaji wengi huanza kuchimba pale pale ukutani. Madirisha yawekwe wavu wa matundu madogo, yasiyozidi nusu inchi, tena wavu wa chuma kigumu. Ule wavu mwembamba wa matundu mapana humzuia kuku asitoke, lakini mnyama mwenye meno makali haumzuii kuingia. Mlango uwe na komeo la kweli, lisiwe jiwe la kuegemeza. Mnyama wa usiku anao muda wa kutosha wa kulisukuma jiwe.

Majani yanayozunguka kibanda yafyekwe hatua kadhaa, ili anayenyemelea asipate pa kujificha. Mayai yaokotwe kila siku. Mabaki ya chakula yasitupwe uani usiku, kwa kuwa harufu yake ni kama barua ya mwaliko.

Kwa ajili ya vifaranga, mchana, tumieni tenga. Mfunike mama na watoto wake chini ya tenga siku za kwanza, wapate maji, chakula na hewa, na mwewe abaki akizunguka angani bure. Wanapoanza kutembea, wapatiwe kivuli cha kukimbilia: migomba, kichaka kifupi cha maua, au hata matawi yaliyoegemezwa pamoja. Wengine hufunga kamba juu ya uwanja na kuning'iniza vitu vinavyong'aa, kama utepe wa kanda kuukuu za kaseti. Husaidia kwa muda, lakini mwewe si mjinga, atavizoea. Na jogoo msimdharau. Jogoo huwa na mlio mmoja kwa hatari itokayo juu, na mlio mwingine kwa hatari itokayo chini, na kuku huujua kila mlio. Ukimsikia amepiga kelele isiyo ya kawaida, toka nje utazame.

Halafu iko kazi moja isiyohitaji senti hata moja. Ni kuhesabu. Kila jioni kuku wakiingia, mtu mmoja awahesabu. Mpeni kazi hiyo mtoto mmoja wa nyumbani, naye ajivunie. Kuku asiyeingia kibandani atatafuta tawi la mti, na huko juu gizani haoni vizuri. Lakini yeye aonekana na kila adui. Kuku aliyezoea kulala mtini haji kwa kufukuzwa kwa fimbo. Mpe chakula ndani ya kibanda wakati wa jioni, mfungie humo siku kadhaa mfululizo, naye atajifunza kwamba hapo ndipo kwao.

Jambo la tatu ni onyo, nasi twalisema kwa uzito. Msitumie sumu. Yuko mtu ambaye, akisha kuibiwa na mbweha, huchukua dawa kali ya wadudu wa shambani na kuipaka kwenye mzoga, kisha akautupa kichakani. Anafikiri amemtega mbweha mmoja. Lakini sumu haichagui. Mbwa wa jirani atakula. Tai wala mizoga watashuka wengi kwa pamoja na kufa wengi kwa pamoja. Hao tai wamepungua sana katika Afrika, na sumu ni mojawapo ya sababu kubwa za kupungua kwao. Mvua itaipeleka ile dawa mtoni. Na mtoto mdogo wa uani, ambaye kila kitu hukipeleka kinywani, tumwambie nini?

Tena mbweha naye ana kazi yake. Hula panya wanaomaliza nafaka ghalani, hula wadudu, husafisha mizoga. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2013 huwalinda wanyama wa porini, wala mtu haruhusiwi kuwawinda kwa kujiamulia tu. Mnyama akizidi kusumbua, mwenye boma apeleke habari kwa Shirika la Wanyamapori, yaani KWS, au kwa chifu, asaidiwe kwa njia iliyo halali. Dunia na vyote viijazavyo si mali yetu sisi. Tumekabidhiwa tu, nasi tutatoa hesabu.

Wala tusimlaumu mnyama kwa kila kifo. Ukiona kuku wengi wanasinzia, wanahara kijani, shingo zinapinda, nao wanakufa mmoja baada ya mwingine, huyo si mbweha. Huo ni kideri, ugonjwa unaoweza kufagia kibanda chote katika siku chache. Hauna tiba, lakini una chanjo. Nyingine hutolewa kwa tone moja la jicho, na hurudiwa kila baada ya miezi michache kama afisa wa mifugo atakavyoelekeza. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wa boma moja. Kwa hiyo majirani wachange fedha, wachague siku moja, wachanje kuku wa kijiji kizima pamoja. Vikundi vya akina mama wa kanisa vyaweza kuifanya kazi hii vizuri sana. Maana ugonjwa haujui mpaka wa shamba lako na la jirani yako, na kuku wako hawana salama ikiwa wa jirani wanakufa.

Sasa, wapenzi, turudi kwenye somo letu. Luka anatuambia kwamba Mafarisayo kadhaa walimjia Yesu wakamshauri aondoke mahali pale, kwa sababu Herode alitaka kumwua. Huyo alikuwa Herode Antipa, mtawala wa Galilaya na Perea, yule yule aliyemkata kichwa Yohana Mbatizaji. Lilikuwa tisho la kweli. Yesu akawajibu, na katika jibu lake akamwita Herode mbweha. Kisha, mistari miwili tu baadaye, akaugeukia Yerusalemu kwa huzuni, akasema jinsi alivyotamani mara nyingi kuwakusanya watoto wa mji ule, kama kuku akusanyavyo vifaranga chini ya mbawa zake, nao hawakukubali.

Mmeliona jambo hili? Mbweha na kuku wamo katika habari moja. Mtu aliyelelewa kijijini akisikia mbweha ametajwa, na mara kuku ametajwa, moyo wake hushtuka, kwa maana anajua mwisho wa habari hiyo. Sisi tungetazamia kwamba Bwana, akitishwa na mbweha, atajiita simba. Anazo nguvu hizo. Lakini hapa alichagua kujifananisha na mama kuku, ambaye hana meno wala makucha ya kurarua. Alicho nacho ni mbawa zake na mwili wake mwenyewe.

Mtazameni mama kuku kivuli cha mwewe kinapopita. Hakimbii ajiokoe, ijapokuwa ana miguu. Hutoa sauti yake, hufungua mbawa, na vifaranga hukimbia kutoka kila upande wakaingia chini yake, mpaka huoni hata kimoja, ila miguu midogo midogo chini ya manyoya. Yeye hubaki nje. Anayemtaka kifaranga lazima ampitie yeye kwanza. Huo ndio ulinzi ambao Bwana wetu alisema anataka kuwapa watu wake. Na alipoingia Yerusalemu, alifanya hivyo hasa. Alisimama kati yetu na hatari, nayo ikampata yeye.

Lakini neno la kuhuzunisha katika somo hili ni lile la mwisho, kwamba hawakutaka. Mbawa zilikuwa wazi na sauti ilitolewa. Kasoro ilikuwa kwa vifaranga. Twajua sote kwamba kibanda chaweza kuwa kizuri sana, chenye mabati na komeo, lakini hakimsaidii kuku aliyeamua kulala juu ya mti. Huko juu hujiona huru. Hujiona ameinuka kuliko wenzake waliobanana ndani. Usiku ukiingia, wote hulala, na mbweha huamka.

Je, ni wangapi leo walio juu ya matawi ya namna hiyo? Kijana aliyetoka nyumbani kwa hasira, sasa mwaka wa pili hajapiga simu. Baba ambaye mshahara wake huishia mahali pa pombe, naye kila Jumapili husema atarudi kanisani Jumapili ijayo. Ndugu wawili wasiosemezana kwa ajili ya mpaka wa shamba. Hatusemi hivi ili tuwahukumu. Kuku wa mtini harudishwi kwa fimbo, tumeshasema. Hurudishwa kwa chakula na kwa uvumilivu, jioni kwa jioni. Kama yuko wa namna hiyo katika nyumba yako, mwachie mlango, mwekee chakula, mwite kwa jina lake. Na kama wewe unayetusikiliza ndiwe uliye juu ya tawi, sauti ya mama kuku ingali yaita. Giza halijawa totoro.

Tena kuna neno kwa sisi sote tulio na wadogo chini ya ulinzi wetu, wazazi, walimu, wazee wa kanisa na viongozi wa vijiji. Mwenye kuku huhesabu kila jioni. Je, watoto wetu huhesabiwa? Si kwa vichwa tu, bali kwa mioyo. Nani leo amerudi shuleni kimya kuliko kawaida? Binti gani anaogopa kupita nyumba fulani? Mwana gani ana fedha ambayo haijulikani ilikotoka? Mbweha wa kuku huacha nyayo. Na anayewinda watoto naye huacha nyayo, lakini lazima mtu ainame atazame, kama yule mzee alivyoinama nyuma ya kibanda. Atazame kwa macho ya kweli, asibuni mwizi kwa uvumi. Akiziona nyayo, asinyamaze, hata kama zinaelekea nyumba ya mtu mkubwa.

Na yule mjane wetu wa mfano? Tumwache njiani, akitembea kwenda kwa jirani yake. Amebeba tetea mmoja mikononi, kati ya wale sita waliobaki, ampelekee mama wa yule kijana. Hajui kama atafunguliwa mlango. Lakini ameanza kwenda, na kwenda huko ni kazi ya mkristo kama vile kujenga kibanda.

Basi wapenzi, jioni ya leo kabla ya kulala, fungeni kibanda vizuri. Hesabuni kuku. Kisha hesabuni watu wa nyumba yenu, na yule asiyekuwapo mtajeni katika sala.

Na tuombe.

Ee Baba yetu, uliyewapa hata ndege wa uani mioyo ya kuwafunika watoto wao, twakushukuru kwa wema wako. Wabariki mama wajane na akiba yao ndogo. Walinde na hasara, na tena walinde na uchungu wa kuwadhania majirani vibaya. Tupe macho ya kuona hatari ingali mbali, na mikono isiyo mivivu ya kujenga. Wale walioko nje usiku huu, wasiotaka kuitwa, usiache kuwaita. Utukusanye sote chini ya mbawa zako, sisi na watoto wetu na jirani zetu, mpaka kupambazuke. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.